Kuzunguka milima ya Taiwan kwa skuta: mwongozo kamili kwa anaetaka kupita barabara za juu

Wadau, kila likizo ikikaribia swali ni lile lile, hasa kwa wanafunzi wetu walioko Taipei, Taichung na Tainan: nina wiki moja, nina skuta, nizunguke vipi. Kuzunguka kisiwa kwa pwani ni rahisi, unafuata Tai 1 upande wa magharibi na Tai 9 upande wa mashariki (Tai na namba yake ndo majina ya barabara kuu za huko) mpaka unarudi ulipotoka, haina haja ya mwongozo. Kupita katikati, kule juu milimani, hiyo ni habari nyingine na ndo naongelea hapa.

Elewa kwanza kisiwa chenyewe kikoje. Urefu wake ni kama kilomita 390 na upana haufiki 150, ila katikati imesimama safu ya milima yenye vilele zaidi ya 200 vya kupita mita 3,000, mkubwa wao Yushan, mita 3,952. Barabara za kukatiza hiyo safu ni chache mno, unazimaliza kwa vidole vya mkono mmoja, na karibu zote zimeshawahi kuporomoka mahali fulani ama kwa tetemeko ama kwa kimbunga. Kwahiyo ukicheki ramani ukaona kilomita 80 usijisemee hiyo ni saa moja na nusu. Huku zinaweza kula masaa manne, na ukikuta geti limefungwa inakua kesho. Panga safari kwa masaa, kilomita ziache kwa ajili ya hesabu ya mafuta tu, na kila asubuhi kabla hujawasha skuta ujue ikifika saa ngapi hujafika sehemu fulani unageuza.

Leseni kwanza, mengine baadae

Taiwan inatambua leseni ya kimataifa kwa makubaliano ya nchi na nchi, yaani nyie mkitambua ya kwao na wao wanatambua ya kwenu. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote hazina uhusiano wa kibalozi na Taipei, kwaiyo usichukulie tu kwamba kile kijitabu ulichokata nyumbani kitafanya kazi. Nenda ofisi ya usajili wa magari, inaandikwa 監理站 na zipo kila mji mkubwa, uliza na kijitabu chako mkononi. Hata wakikubali, lazima kiwe na muhuri wa daraja A la pikipiki, la gari peke yake halitoshi, na ukikaa zaidi ya siku 30 unatakiwa urudi ofisini wakugongee kibali.

Kama una kitambulisho cha ukaazi achana na hizo bahati nasibu, fanya mtihani wa leseni yao. Unapima afya, unafanya mtihani wa maswali ambao upo kwa lugha kadhaa mpaka Kiingereza, alafu vitendo. Kwenye vitendo kuna kipengele kinachoangusha watu wazima: unapita kwenye mstari mwembamba wa mita 15 na hutakiwi kumaliza chini ya sekunde 7, bila kukanyaga mstari na bila kushusha mguu. Mtu aliekulia kwenye bodaboda anaona ni utani, anaingia na mwendo wa Kariakoo, sekunde 4 katoka upande wa pili na kafeli. Siri ni kushika gesi kidogo bila kuachia, breki ya nyuma unaibana kwa mbali muda wote, macho mbele usiangalie tairi.

Bima nayo uielewe. Ile ya lazima inayokuja na skuta inamlipa uliemgonga na abiria wako, wewe dereva haikugusi. Na ukipata ajali ukiwa huna leseni inayotambulika, bima inaweza kumlipa yule alafu ikageuka kukudai wewe. Tafuta bima ya safari inayosema waziwazi kwamba pikipiki ya ukubwa wako imo.

Skuta gani

Taiwan ukubwa wa pikipiki unausoma kwenye namba: kibao cha kijani ni cc 50 kushuka, cheupe ni juu ya 50 mpaka 250, cha njano na chekundu ndo yale makubwa. Cc 50 isahau kabisa, itakuua moyo kwenye mpando wa kwanza. 125 inatosha kwa mtu mmoja na begi. Mkiwa wawili itapanda, ila juu ya mita 2,500 hewa inakua nyepesi na injini inapungua nguvu, utakua unapanda kilomita 30 kwa saa na foleni ya magari nyuma yako. Kama mko wawili na mizigo tafuta 150 au zaidi.

Za umeme, zile za kubadilisha betri kwenye vituo, mjini ni tamu sana, lakini milimani vituo vinakua mbali mbali na kupanda mlima kunamaliza betri haraka kuliko apu inavyokuambia. Inawezekana, ila utakua unapangiwa safari na betri. Mi nashauri ya petroli.

Kukodi kwa siku mara nyingi ni kati ya dola za Taiwan 400 na 800 kutegemea mji na msimu, maduka yamejaa nje ya stesheni za treni. Mwambie mwenye duka unapopanga kwenda. Wengine mkataba wao unakataza barabara za juu, wengine wanaruhusu ila huduma ya kuja kukuchukua inaishia bondeni, na ni bora ulijue hilo ukiwa bado hujalipa.

Kabla hujasaini ikague taratibu, usione aibu, mwenye duka anangoja. Pitisha kidole kwenye tairi la nyuma katikati, skuta za kukodi zinaliwa katikati kwanza na linakua bapa, kwenye kona zenye unyevu tairi bapa halikushiki. Bana breki zote mbili mpaka mwisho, mkono wa breki ukigusa mshikio wa gesi basi pedi zimeisha au mafuta ya breki yana hewa. Washa, inyanyue kwa stendi kubwa, zungusha gesi kidogo na usikilize upande wa mkanda unaozungusha tairi la nyuma: ikitoa mlio wa kukwaruza au ikishtuka shtuka inapoanza kuondoka, omba nyingine, mkanda ukikatika kule juu Dayuling huna fundi. Cheki tarehe za kwenye karatasi ya usajili, alafu piga video kuzunguka skuta nzima na kila mkwaruzo, mwenye duka akiwa anaonekana.

Lini uende

Oktoba na Novemba ndo bora. Vimbunga vimepungua, mbingu iko wazi, baridi haijakolea. Machi na Aprili pia sawa. Mei na Juni kuna mvua za msimu zinazonyesha siku mfululizo, Julai mpaka Septemba ndo kilele cha vimbunga, na hata siku isiyo na kimbunga majira ya joto yana tabia moja: asubuhi jua kali, ikifika saa 7 au 8 mchana mawingu yamepanda na radi inapiga. Ndo maana watu wa huko wanaondoka alfajiri. Januari na Februari kule Hehuanshan, mlima inakopita barabara ya juu kabisa, kunaweza kuwa na barafu barabarani, polisi wanafunga au wanaruhusu magari yenye minyororo tu, skuta hupiti.

Joto linashuka kama digrii 6 kila ukipanda mita 1,000. Ukiondoka Puli, mita 450 hivi, kuna 28, ukifika Wuling, kilele cha barabara, mita 3,275, kuna 11, na hapo bado upepo wa mwendo. Beba sweta, koti la kuzuia upepo, glavu, na nguo ya mvua ya vipande viwili, koti na suruali. Lile koti la mvua la kujifunika kama kanzu wanalouza dukani linapepea, linakuziba vioo, kwenye kona yenye upepo linakuvuta.

Njia yenyewe

Natoa mfano wa kuanzia Taipei, kama siku saba na moja ya akiba. Anaeanzia Taichung au Kaohsiung akate anapotaka, ni mzunguko.

Siku ya kwanza unatoka kwenda Daxi huko Taoyuan na kushika Tai 7, ile wanaita barabara ya kukatiza ya kaskazini. Mpaka Luofu ni pana na ina watu, ukipita Baling inakua nyembamba, sehemu nyingine gari moja tu, msitu umefunga juu na lami ina ukungu wa kijani upande usiopata jua. Huo ukungu wa kijani ni utelezi, kaa kwenye mstari ambao matairi ya magari yamesugua. Unapita Mingchi, unashuka mpaka Qilan upande wa Yilan. Hapo chagua: kulala Yilan mjini, au kama bado ni mapema kushika Tai 7甲 (hiyo herufi maana yake ni tawi la Tai 7) kuelekea Nanshan. Usishawishike kuunganisha mpaka juu siku hiyo hiyo. Tai 7甲 ni kilomita kama 74 mpaka Lishan na inapita Siyuan, mita 1,948, sehemu inayopenda ukungu mzito.

Onyo moja hapa la ramani. Kuna Wuling mbili na zote zinaandikwa hivo hivo kwa herufi zetu. Moja ni shamba, 武陵, liko kwenye Tai 7甲. Nyingine ni kile kilele cha barabara, 武嶺, kwenye Tai 14甲. Zinatofautiana kwa masaa. Ukiweka kwenye apu hakikisha herufi za Kichina.

Siku ya pili ndo siku yenyewe. Unapanda mpaka Lishan, unajaza tangi hata kama limebaki nusu, unanunua matunda maana pale pamejaa mapea, mapichi na matofaa, mengi yakiwa mashamba yaliyoanzishwa na maaskari wastaafu. Kutoka Lishan unashika Tai 8 kilomita 29 mpaka njia panda ya Dayuling, mita 2,565, unakunja kulia kwenye Tai 14甲. Kilomita 10 zinazofuata mpaka Wuling ni mwinuko mkali kweli, baiskeli za mashindano ya kutoka pwani ya Hualien mpaka hapa, kilomita 105 kuanzia usawa wa bahari, zinateswa hapo mwishoni. Wuling ni mita 3,275, barabara ya lami ya juu kuliko zote Taiwan, ni juu kuliko kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro na wewe umefika umekaa kwenye kiti. Kichwa kikianza kugonga au ukiona unapumua haraka, usikae sana, kunywa maji, shuka. Anga la eneo hili limetambuliwa kimataifa tangu 2019 kama hifadhi ya giza, nyota zinaonekana vizuri mno, lakini kama unataka kuziona lala Qingjing, kijiji cha upande wa Puli, kisha panda na gari au watu wanaojua njia, usishuke na skuta usiku ukiwa peke yako.

Kwenye ramani ukiwa Lishan utaona Taichung iko hapo chini tu kwa kufuata Tai 8 kuelekea magharibi. Hiyo njia haipo. Kipande cha Guguan mpaka Deji kiliharibiwa na tetemeko la tarehe 21 Septemba 1999 na mpaka leo ni njia ya muda ya wenyeji na basi maalum. Wageni wote wanazunguka Wuling na Puli. Apu ikikwambia pita hapo, ikatae.

Unashuka Qingjing, Wushe, Puli. Wushe usipite tu kama umefukuzwa, ndo mji ambao mwaka 1930 Waseediq, kabila la wenyeji wa asili, wakiongozwa na Mona Rudao waliinuka dhidi ya Wajapani waliokua wanatawala kisiwa, kuna kumbukumbu yao pembeni ya barabara.

Siku ya tatu ni tulivu mwanzoni: Puli, ziwa la Sun Moon, Shuili. Alafu Tai 21 inaanza kupanda mpaka Tataka, mita 2,610, unageukia Tai 18 na kushuka Alishan. Kipande cha karibu na Tataka kinafungwa usiku, kwaiyo mchana mapema uwe umeshapita. Utakuta nyani wamekaa kwenye kingo za barabara kama wanasubiri basi, usiwape chakula, faini ipo, na usiache begi limening'inia kwenye skuta. Lala Alishan au shuka Chiayi, Alishan bei ni za watalii.

Siku ya nne pumzika, badilisha mafuta ya injini kama skuta ni yako, teremka kusini kupitia Yujing mpaka Jiaxian au Baolai kwenye maji ya moto. Unajiandaa kwa Tai 20.

Siku ya tano ni Tai 20, ndo kipenzi changu na ndo yenye masharti kuliko zote. Kimbunga Morakot cha Agosti 2009 kiliimaliza, ni kimbunga hicho hicho kilichofukia kijiji cha Xiaolin karibu na Jiaxian na kuua zaidi ya watu 400. Ilichukua mpaka tarehe 1 Mei 2022 kufungua tena njia nzima. Ilipofunguliwa utaratibu ulikua kuingia kati ya saa 1 asubuhi na saa 8 mchana, na saa 11 jioni wote muwe mmetoka, na kuna siku za wiki inafungwa kwa matengenezo. Masaa na siku vinabadilika, na kila kimbunga kikipita inaweza kufungwa wiki au miezi, kwaiyo cheki siku moja kabla na asubuhi ya siku yenyewe. Ukiruhusiwa, unapanda kutoka Meishankou mpaka Yakou, mita 2,722, unaingia kwenye handaki upande mmoja kuna jua na ukitoka upande wa pili ni bahari ya mawingu, alafu unashuka Lidao na Wulu, vijiji vya Wabunun, kabila lingine la wenyeji wa asili, mpaka bonde la mashariki. Ikiwa imefungwa usibembeleze, zunguka kusini kwa Tai 9 mpaka Taitung, ndo kazi ya ile siku ya akiba.

Chishang lala, mpunga mpaka macho yanachoka, na wali wao wa kwenye boksi ni maarufu kwa haki. Siku ya sita panda bonde kuelekea Hualien kwa barabara ya 193 badala ya Tai 9, ina magari machache, au kama unataka bahari shika Tai 11.

Korongo la Taroko, karibu na Hualien, na Tai 8 upande wa mashariki. Hii barabara ilichongwa kwenye mwamba kati ya 1956 na 1960, wengi wakiwa wanajeshi wastaafu wenye nyundo na baruti, na zaidi ya 200 walikufa, hekalu la Changchun limejengwa kwa ajili yao. Tarehe 3 Aprili 2024 tetemeko la 7.2 liliikunguta vibaya, vijia vingi na maeneo ya hifadhi yalifungwa, na barabara yenyewe ikawa ya kupita kwa mafungu kwa saa maalum. Ukikuta utaratibu huo unafika getini mapema, unapanga foleni na skuta wenzio mbele ya magari, geti likifunguliwa mnaenda bila kusimama kupiga picha. Najua inauma, korongo lenyewe ni zuri kupita maelezo, lakini mawe bado yanashuka.

Kurudi kaskazini kutoka Hualien kuna Suhua, barabara ya pwani. Mahandaki mapya ya Suhua yaliyokamilika 2020 skuta za kibao cheupe haziruhusiwi, unatumia vipande vya barabara ya zamani, Tai 9丁, pembeni ya bahari. Mvua ikiwa imenyesha jana ningelala Hualien siku moja zaidi. Jiwe haliporomoki wakati wa mvua tu, linaporomoka hata siku ya pili jua likiwa linawaka na udongo unakauka.

Kushuka, maana kupanda kila mtu anaweza

Ajali nyingi za milimani huanzia kwenye mteremko. Kutoka Wuling mpaka Puli unapoteza karibu mita 2,800 ndani ya kilomita kama 55, na skuta haina gia ya kupunguza. Breki ikibanwa muda mrefu inachemka, unasikia harufu ya kuungua, mkono unakua laini, alafu haishiki. Fanya hivi: bana breki kwa nguvu kidogo kwa muda mfupi kabla ya kona, achia, iache ipoe, rudia. Tumia zote mbili pamoja.

Kingine ambacho wengi hawakijui. Skuta ya otomatiki ukiachia gesi inazuiwa na injini kwa muda, ila mwendo ukishuka sana klachi inaachia yenyewe na ghafla unajikuta unateleza bure, skuta inaongeza kasi kwenye mteremko wakati hujagusa kitu. Ukisikia imeachia hivo, gusa gesi kidogo sana, klachi inashika tena, alafu rudisha mkono. Jizoeze kwenye mteremko mdogo kwanza. Na usizime injini kushuka eti unaokoa mafuta, nimeona watu wanafanya, ni ujinga.

Kona usizoziona mbele piga honi fupi, angalia kioo cha mviringo kilichowekwa pembeni, kaa kulia kwako. Taiwan wanaendesha kulia, na sie tuliozoea kushoto hatari kubwa ni ile dakika unapoondoka kwenye sheli au dukani barabara ikiwa tupu, mwili unakupeleka upande wa nyumbani. Mahandaki ya zamani mengine hayana taa na chini yana maji, vua miwani ya jua kabla hujaingia. Basi la watalii likija kwenye kona nyembamba simama kabisa, yeye anahitaji barabara yote. Jiwe dogo jipya kwenye lami safi ni taarifa, maana yake kuna mengine juu, pita haraka usisimame hapo.

Mjini kuna sheria mbili zitakazokugharimu usipozijua. Kukunja kushoto kwenye makutano makubwa skuta inafanya kwa hatua mbili: unanyoosha mpaka kile kiboksi kilichochorwa mbele ya foleni ya upande wa pili, unageuza, unasubiri taa yao. Na leni iliyoandikwa 禁行機車, yaani pikipiki marufuku, usiingie. Barabara za kulipia na zile za mwendo kasi huruhusiwi, kwenye apu ya ramani chagua alama ya pikipiki ili isikupeleke huko. Pombe hata usijaribu, kiwango ni miligramu 0.15 kwa lita ya pumzi, bia moja inatosha kukuharibia.

Mafuta, msosi, mtandao

Tangi za 125 nyingi ni lita 5 mpaka 6. Bondeni utapata kilomita 40 kwa lita, kupanda na mzigo hesabu 30, yaani baada ya kilomita 150 uko hatarini. Kutoka geti la Taroko mpaka Lishan ni zaidi ya kilomita 100 na upange kana kwamba hamna sheli hata moja. Kutoka Qingjing mpaka Lishan kupitia Wuling vivyo hivyo. Sheli ni 加油站, kuna mhudumu, unasema "jiu wu jia man", yaani petroli ya 95 jaza, na ya 92 ni "jiu er". Sheli za milimani hufungwa jioni, nyingine mapema.

Msosi sio shida bondeni, 7-Eleven na FamilyMart ziko kila mahali, mayai ya kuchemshwa kwenye majani ya chai, wali wa kupasha, maji ya moto, choo, mashine ya hela. Juu ni chache, beba chakula cha mchana. Beba na pesa taslimu, nyumba za kulala za vijijini nyingi kadi hawataki. Vyumba vya Qingjing, Lishan na Alishan wikiendi vinajaa na bei inapanda sana, siku za kawaida unapata hata ukipiga simu mchana, ila kwa sikukuu za kitaifa usiende kabisa.

Laini ya Chunghwa ndo inashika zaidi milimani, hata hivo pakua ramani na zile lugha za apu ya kutafsiri ziwe kwenye simu. Hali ya barabara ipo kwenye tovuti ya idara ya barabara kuu inayoitwa 168, inaonyesha kipande gani kimefungwa na saa ngapi kinafunguliwa, na hali ya hewa chukua apu ya CWA yenyewe, idara ya hali ya hewa ya Taiwan. Simu ikipiga king'ora cha tetemeko, toka ukutani mwa mlima, simama mahali pa wazi mbali na handaki na daraja, mawe hushuka sekunde chache baadae. Polisi ni 110, zimamoto na ambulansi ni 119, mtandao ukiwa dhaifu jaribu 112. Pembeni ya barabara kuna vibao vidogo vya kilomita, vinaandika Tai ngapi na kilomita ya ngapi, msomee aliepokea simu hiyo namba, ataelewa uliko hata kama Kichina chako ni cha kuagiza chai.

Kurudisha skuta

Jaza tangi kwa kiwango ulichoikuta, ioshe hata kwa maji tu maana matope yanampa mwenye duka sababu ya kutafuta mikwaruzo, alafu mkague pamoja na ile video yako ya siku ya kwanza. Faini za kamera zinakuja baadae kwa posta, kabla ya kamera kuna kibao cha onyo lakini kwenye mteremko usiku hukioni, na milimani kikomo mara nyingi ni 40 au 30. Mwachie mwenye duka mawasiliano yako ya LINE, apu ya meseji wanayoitumia huko, akutumie picha ya faini ikija, unalipia 7-Eleven hapo hapo kaunta. Na ukiwa unaondoka nchini karibuni, muulize kabisa siku unayorudisha, wengine wanashikilia amana mpaka wiki kadhaa zipite.